Maji Yaliyo Chini ya Nyumba: Kulinda Msingi na Orofa ya Chini ya Ardhi

Hii ni matini ya mazungumzo yaliyoandaliwa kwa ajili ya mabaraza ya wakazi wa Kaunti ya Mombasa kuhusu maji ya chini ya ardhi na usalama wa majengo. Imechapishwa hapa kwa manufaa ya wale ambao hawakupata nafasi ya kuhudhuria.



Mvuvi wa Mombasa hahitaji kuelezwa bamvua ni nini. Anajua kwamba mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari hujaa sana na kupwa sana, na kwamba katikati ya nyakati hizo huja maji mafu, ambayo hayapandi sana wala hayashuki sana. Jambo ambalo wakazi wengi hawalijui ni kwamba bamvua haliishii ufuoni. Nguvu yake hupita chini ya ardhi katika matundu ya mawe ya matumbawe, ikainua maji ya visima na kusukuma sakafu za majengo yaliyochimbiwa chini. Ndiyo maana mwenye nyumba karibu na bahari anaweza kukuta sakafu yake kavu wiki hii, na wiki ijayo ina maji, hali hakuna tone la mvua lililoanguka. Humwita fundi wa mabomba, mabomba yakafukuliwa, na tatizo likabaki pale pale.

Mazungumzo haya yanahusu maji hayo: yanatoka wapi, yanaharibu vipi, na mkazi afanye nini kabla ya kujenga na baada ya kujenga.

Ardhi ya Mombasa haifanani

Sehemu kubwa ya kisiwa, pamoja na Nyali, Kisauni na Likoni, imekaa juu ya mawe ya matumbawe na mchanga. Mawe haya zamani yalikuwa miamba hai ndani ya bahari. Yana matundu, nyufa na mahali pengine mapango. Maji ya mvua huzama humo upesi, na hilo ni jema. Lakini njia zilezile huyapandisha maji ya chini upesi bahari inapojaa. Juu huwa na tabaka la maji matamu, ambayo ni mepesi, yakielea juu ya maji ya chumvi. Kisima kikivutwa kupita kiasi, ile chumvi hupanda na maji hubadilika ladha. Chumvi hiyohiyo ndiyo hugusa misingi ya nyumba.

Upande wa bara magharibi, kama Changamwe, Jomvu na Miritini, hali ni nyingine. Huko chini kuna mwamba uliotokana na tope lililogandamana, na ukichakaa huwa udongo wa mfinyanzi. Maji hayazami upesi. Hutuama karibu na juu na kuegemea msingi kwa siku nyingi baada ya mvua. Tena udongo huo huvimba ukilowa na kunywea ukikauka. Msingi usio imara hupandishwa na kushushwa kila mwaka, ukuta ukafanya ufa, na ufa ukawa mlango wa maji.

Kwa hiyo dawa iliyofaa kwa nyumba ya Nyali huenda isifae Changamwe. Fundi anayetoa jibu moja kwa kila kiwanja hajakiangalia kiwanja.

Maji hufanya kazi tatu

Kazi ya kwanza ni kusukuma. Kila mita moja ya kina cha maji husukuma kwa nguvu inayokaribia tani moja kwa kila mita ya mraba. Chukua mfano wa jengo lenye maegesho chini ya ardhi, sakafu yake ikiwa na upana wa mita 10 na urefu wa mita 20, na maji ya chini yakiwa mita 2 juu ya sakafu hiyo. Eneo ni mita za mraba 200. Nguvu inayoisukuma sakafu kwenda juu ni karibu tani 400. Sakafu ya zege yenye unene wa milimita 150 ina uzito wa kilo 360 hivi kwa kila mita ya mraba, yaani jumla ya tani 72. Sakafu kama hiyo ikiwa imemwagwa tu juu ya mawe, bila kufungwa vizuri kwenye kuta na nguzo, itapasuka au kuinuka.

Hatari hiyo haiko kwenye majumba makubwa peke yake. Nyumba nyingi zina tangi la maji lililozikwa uani. Tangi lililojaa hukaa kwa uzito wa maji yake. Likikaushwa lioshwe wakati maji ya chini yako juu, huelea kama mtumbwi, likavunja mabomba na kupasua sakafu ya ua. Kuosha tangi la chini kufanywe wakati wa kiangazi na siku za maji mafu. Na kabla ya kulikausha, kisima kilicho karibu kiangaliwe maji yamefika wapi.

Kazi ya pili ni kupanda. Jinsi utambi wa koroboi unavyovuta mafuta ya taa kwenda juu, ndivyo matofali, mawe na zege hafifu vinavyovuta unyevu kutoka ardhini. Unyevu huo unaweza kupanda ukutani kufikia mita moja hivi bila kuwapo maji yanayotiririka popote. Rangi hutoka mapovu, plasta hubanduka, kabati hufanya ukungu, na watoto wenye pumu husumbuka.

Kazi ya tatu ni kubeba chumvi. Maji yakikauka juu ya ukuta, chumvi hubaki kama unga mweupe. Ile inayofika kwenye nondo ndani ya zege huleta kutu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, kwa hiyo hulipasua zege kutoka ndani. Ukiona ufa ulionyooka kufuata nondo, wenye doa la rangi ya kahawia, hilo si tatizo la rangi. Nguzo imeanza kuliwa, na anayehitajika ni mhandisi, si mpaka rangi.

Jua kwanza maji yanatoka wapi

Pesa nyingi hupotea kwa kutibu ugonjwa usiokuwapo. Kuna majaribio manne ambayo mkazi anaweza kuyafanya mwenyewe.

Mosi, funga mifereji yote usiku na usome mita ya maji. Isome tena alfajiri kabla mtu hajafungua maji. Ikiwa imesogea, kuna bomba linalovuja.

Pili, kata kipande cha polithini angavu cha nusu mita kwa nusu mita. Kibandike juu ya sakafu kwa utepe pande zote nne na ukiache siku nzima. Matone yakiwa chini ya polithini, unyevu unatoka ardhini. Yakiwa juu yake, ni hewa yenye joto inayogusa sakafu baridi, na dawa yake ni madirisha na upepo.

Tatu, weka daftari. Andika siku maji yanapoonekana, saa, mvua na hali ya bahari. Maji yakija na bamvua, chanzo ni maji ya chini yanayosukumwa na bahari. Yakija saa chache baada ya mvua, huenda ni maji ya paa na ya uani. Yakija kila siku bila kubadilika, shuku bomba au tangi la maji taka.

Nne, yanuse na uyatazame. Sehemu kubwa ya Mombasa haijaunganishwa na mabomba ya maji taka. Wakazi hutumia matangi ya maji taka na vyoo vya shimo. Katika mawe ya matumbawe, uchafu wa huko husafiri upesi. Maji yanayoingia chini ya nyumba yahesabiwe kuwa machafu hadi yapimwe, hata yawe maangavu kiasi gani. Yasitumiwe kufulia wala kuoshea vyombo, na watoto wasiyachezee.

Kwa anayejenga sasa

Kazi ya kwanza ni shimo la majaribio. Lichimbwe kupita kina cha msingi unaopangwa, liachwe usiku kucha, kisha maji yapimwe. Kipimo cha kiangazi peke yake hudanganya. Lifaalo ni kupima wakati wa masika, hasa mwezi wa Mei, na siku za bamvua. Kama haiwezekani kungoja, majirani wenye visima waulizwe maji yao hupanda hadi wapi msimu huo. Wazee wa mtaa wanalijua hilo kuliko mtu yeyote.

Maji yakiwa juu ya kiwango cha sakafu ya chini inayopangwa, kabla ya kuuliza dawa gani inunuliwe, mwenye jengo ajiulize kama orofa hiyo inahitajika kweli. Mara nyingi magari yanaweza kuegeshwa usawa wa ardhi, kati ya nguzo, na nyumba zikaanzia juu. Orofa isiyochimbwa haivuji, haihitaji pampu, na haimgharimu mwenye jengo umeme wa kutoa maji miaka hamsini.

Ikiwa lazima ichimbwe, kuna kinga tatu. Ya kwanza ni ngao ya nje: tabaka la lami au utando maalumu linalozunguka kuta na kupita chini ya sakafu bila kukatika. Ya pili ni zege lenyewe, lililosanifiwa na mhandisi liwe zito na lisipitishe maji. Ya tatu ni kuyakubali maji kidogo, kuyaongoza katika mifereji iliyo nyuma ya ukuta wa ndani hadi kwenye shimo, kisha kuyatoa kwa pampu. Hakuna kinga isiyo na kasoro. Ngao ya nje ikitoboka haifikiki tena, na pampu hutegemea umeme. Kwa sababu hiyo, mahali ambapo maji ni mengi, wahandisi huunganisha kinga mbili, ili moja ikishindwa nyingine ibaki.

Maji hayasumbuki kutoboa ukuta mzima, hutafuta kiungio. Mahali sakafu inapokutana na ukuta, mahali zege la jana linapokutana na la leo, na kila tundu la bomba au la waya, ndipo yanapoingilia. Mkanda wa kuzuia maji hupachikwa kwenye viungio hivyo kabla ya zege kumwagwa. Ukisahauliwa, hakuna rangi itakayouchukulia nafasi. Mwenye nyumba awepo siku hiyo, autazame kwa macho yake na aupige picha kabla haujafunikwa.

Zege nalo lina masharti yake. Maji yakizidi, yakikauka huacha vijitundu. Kwa zege la kuzuia maji, mfuko wa simenti wa kilo 50 hutosha lita 22 hivi za maji, na yapunguzwe zaidi kama mchanga una unyevu. Fundi anayeongeza ndoo ili zege liteleze kwa urahisi anamuuzia mwenye nyumba uvujaji. Lishindiliwe kwa mashine ya kutetemesha, kisha lilowanishwe kwa siku 7 au zaidi bila kuachwa likauke juani. Mchanga wa ufuoni na maji ya kisima cha chumvi visitumiwe kabisa katika zege lenye nondo, hata kama ni rahisi na viko karibu. Kutu ya kesho hutiwa leo kwa ndoo.

Kwa nyumba ya kawaida isiyo na orofa ya chini, kinga ni nafuu na haina sababu ya kurukwa. Chini ya sakafu itandikwe polithini nzito ya geji 1000 juu ya mchanga laini uliosawazishwa, vipande vyake vikipandana milimita 300 na kubandikwa. Ukutani iwekwe tabaka la kuzuia unyevu, angalau milimita 150 juu ya ardhi ya nje, nalo likutane na ile polithini. Vikiachana kwa upana wa kidole, unyevu utapita hapo.

Jambo moja la kuangaliwa na majirani ni pampu za kukausha shimo wakati wa ujenzi. Kuvuta maji mengi huweza kuvuta na mchanga, na nyumba ya jirani ikatitia. Kuta za jirani zikaguliwe na kupigwa picha kabla ya kuchimba. Nayo pampu isizimwe hadi mhandisi aseme jengo limepata uzito wa kutosha kuyashinda maji.

Sheria iko wazi. Chini ya Sheria ya Mipango ya Ardhi ya mwaka 2019, ujenzi unahitaji idhini ya kaunti kabla haujaanza. Kanuni za Ujenzi za Taifa za mwaka 2024 zimechukua nafasi ya zile za mwaka 1968. Mkandarasi awe amesajiliwa na Mamlaka ya Taifa ya Ujenzi, na mhandisi na Bodi ya Wahandisi. Orofa ya chini iliyoongezwa kimya kimya, bila kuwamo kwenye ramani iliyoidhinishwa, ni hatari kwa wapangaji na kwa majirani.

Nyumba iliyokwisha jengwa

Anayeishi katika nyumba yenye unyevu aanze na yaliyo rahisi. Paa lenye eneo la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 50 hutoa lita 5,000 za maji. Bila mfereji wa paa, maji hayo yote huanguka mguuni mwa ukuta. Mfereji na tangi la kuyavunia hupunguza unyevu na kumpa mkazi maji ya kutumia.

Kisha atazame ardhi inayozunguka. Iteremke kutoka ukutani, sentimita 5 kwa kila mita. Udongo, bustani au vigae vilivyopanda juu ya tabaka la kuzuia unyevu viondolewe. Mahali maji yanapotuama, mtaro wenye kokoto na bomba lenye matundu, uliofungwa kwa kitambaa kinachochuja udongo, huyaongoza mbali. Mtaro huo usielekezwe kwa jirani, wala usiunganishwe na bomba la maji taka.

Hayo yakishafanywa na maji bado yanaingia, ndipo wataalamu wa kuziba nyufa waitwe. Mkazi ajue kwamba rangi ya kuzuia maji inayopakwa upande wa ndani husukumwa na maji kutoka nyuma. Huonekana nzuri wakati wa kiangazi, kisha hubanduka masika yakija. Ahadi ya mtu anayepaka bila kuuliza maji yanatoka wapi isilipiwe.

Nyumba za Mji wa Kale zinahitaji uangalifu wa peke yake. Kuta zake za mawe ya matumbawe na chokaa hunyonya unyevu na kuutoa nje tena. Zikipakwa plasta ngumu ya simenti, unyevu hufungiwa ndani, ukapanda juu zaidi na kuzifikia boriti. Ukarabati wake ufanywe kwa chokaa, na kwa ushauri wa wahifadhi, kwani eneo hilo linalindwa.

Maji yakiingia, uhai kwanza

Mvua za mwisho wa mwaka 2023 ziliwakumbusha wakazi jinsi maji yanavyoweza kuja upesi. Hasara ya mali hulipika. Ya roho haina malipo. Kwa hiyo mambo haya yasisahaulike.

Asilale mtu katika orofa ya chini wakati wa mvua kubwa. Mara nyingi anayelala huko ni bawabu au mtumishi ambaye hakuulizwa. Mwenye jengo ampe chumba juu.

Asiingie mtu kwenye maji kabla umeme haujazimwa, na kama swichi kuu iko ndani ya maji, kampuni ya umeme iitwe. Lifti isitumike.

Jenereta au pampu ya petroli isiwashwe ndani ya orofa ya chini hata dakika moja. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu, na imekwisha kuua watu waliodhani wanaokoa nyumba. Vilevile asishuke mtu katika tangi la maji taka au shimo la pampu kumwokoa mwenzake bila vifaa. Mara nyingi hufa wote wawili.

Maji yasitolewe yote kwa mkupuo. Ardhi ya nje ikiwa imejaa maji, ndiyo inayousukuma ukuta, na maji ya ndani ndiyo yanayousaidia kustahimili. Yapunguzwe kwa theluthi moja kwa siku, huku ukuta ukitazamwa. Ukionekana kujipinda au kuongeza nyufa, pampu izimwe na watu watoke.

Kabla ya masika yajayo

Kila mwenye nyumba anaweza kufanya mambo matano kabla ya mwezi wa Aprili: asafishe mifereji ya paa, asawazishe ardhi inayoelekea ukutani, aijaribu pampu pamoja na swichi yake ya kujiwasha, akague viungio vya sakafu na ukuta, na aanze daftari la maji. Mpangaji anayeona ufa mpya, sakafu iliyoinuka au nondo zilizojitokeza ampe mwenye nyumba taarifa kwa maandishi na kubaki na nakala. Asiposikilizwa, aipeleke kwa ofisi ya wadi au kwa idara ya kaunti inayohusika na ukaguzi wa majengo. Kuripoti jengo hatari si ugomvi na mwenye nyumba. Ni kuwalinda watu wanaolala juu yake na pembeni mwake.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Pwani hii maji hayangoji ukuta ujengwe. Huja na mwezi mara mbili kila mwezi, na anayezijua siku zake hujiandaa mapema.